Msimhukumu Marehemu kwa Pampu Yake

Msibani hakosekani wa kulisema. Mzee kafa kwa ugonjwa wa kifua, mwili haujatoka nyumbani, na kwenye jamvi mtu ananong'ona: "Angeshika dawa zake, tungekuwa naye." Vichwa vinatikiswa kukubali. Kliniki nako utayasikia hayohayo, ila huko yanasemwa na mtu mwenye takwimu. Takwimu hizo ni za kweli. Tatizo ni kwamba wanaozitaja huishia katikati ya hesabu.

Zinatoka katika utafiti wa TORCH, uliotoa matokeo mwaka 2007. Wagonjwa zaidi ya 6,000 wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa walifuatiliwa kwa miaka 3 katika nchi 42. Kwa kura, wengine walipata dawa za kuvuta za salmeterol na fluticasone pamoja, wengine moja kati ya hizo, na wengine kichombo kilekile cha kuvuta ambacho ndani yake mlikuwa na unga usio na dawa. Mwaka 2009 Jørgen Vestbo na wenzake waliwapanga upya wagonjwa hao kwa jinsi walivyoshika dozi. Waliotumia zaidi ya asilimia 80 ya dozi, walikufa asilimia 11.3. Wasiofika hapo, asilimia 26.4.

Ukiacha kusoma hapo, yule wa msibani kashinda. Soma mbele kidogo: pengo hilo lilikuwepo bila kujali mtu alipewa nini. Aliyevuta unga mtupu asubuhi na jioni bila kukosa alikuwa na nafasi kubwa ya kuishi kuliko mwenzake aliyeuvuta unga huohuo kwa kurukaruka. Sasa unga mtupu umemponya nani?

Madaktari wa moyo waliliona hili mapema. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1980, Coronary Drug Project, wanaume waliomeza vidonge visivyo na dawa kwa uaminifu walikufa asilimia 15 kwa miaka 5. Waliovimeza kwa kusuasua, asilimia 28.

Kushika dozi, basi, ni dalili ya mambo mengine. Anayeweza kuvuta dawa kila siku mara nyingi amekula, ana wa kumkumbusha, hana sonona, pengine na sigara kaacha. Tena mara nyingine mambo huenda kinyumenyume: mtu aliyezidiwa, asiye na pumzi ya kuvuta wala nguvu ya kushika kichombo, huacha dawa kwa sababu anakufa. Sisi tunasema kafa kwa sababu kaiacha.

Asije mtu akatupa pampu kwa maneno yangu. Katika TORCH hiyohiyo dawa mbili kwa pamoja zilipunguza vipindi vya kuzidiwa kwa robo, na anayejua usiku wa kuhangaika kutafuta pumzi hataiita robo hiyo ndogo. Faida ya dawa ilionekana zaidi kwa walioshika dozi, nalo nalikubali. Ila kwenye kifo chenyewe, asilimia 12.6 ya waliopewa dawa zote mbili dhidi ya 15.2 ya wasiopewa dawa, tofauti ilikosa kidogo tu kufikia kiwango ambacho wataalamu wangekiita uthibitisho.

Ukitaka ushahidi kwamba wingi wa matumizi huokoa maisha, tazama mahali ambapo wingi wenyewe ulipangwa kwa kura, si kwa hulka ya mgonjwa. Oksijeni inao. Amerika Kaskazini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980, wagonjwa waliopungukiwa sana oksijeni kwenye damu waligawanywa: hawa waivute usiku tu, wale karibu saa zote. Wa usiku tu walikufa karibu mara mbili ya wenzao. Mwaka uliofuata Waingereza walitoa yao: kati ya 42 waliopewa oksijeni saa 15 au zaidi kwa siku, walikufa 19 ndani ya miaka 5; kati ya 45 wasiopewa, walikufa 30. Hapo saa zina uzito, na hakuna wa kusema waliosalimika walikuwa tu watu wenye mpangilio.

Lakini mashine ya oksijeni ya nyumbani inakula umeme saa zote hizo 15. LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikikata usiku na hela ya kununua nyingine haipo, asubuhi faili litaandikwa kwamba mgonjwa hakufuata masharti.