Hewa ya Katavi Ipimwe Kabla ya Visima

Watu wa Mpanda wanaujua ugeni wa watafutao mali ya chini ya ardhi. Reli itokayo Kaliua ilifikishwa huko wakati wa ukoloni kwa ajili ya madini ya risasi. Yamkini siku moja utafika ugeni mwingine, wa mafuta na gesi, na yafaa kujiuliza mapema utaikuta hewa ya huko katika hali gani, na utaiacha katika hali gani.

Hilo si jambo la ndoto. Mkoa wa Katavi, ulioundwa mwaka 2012, umo katika Bonde la Ufa la Magharibi, ukigusa Ziwa Tanganyika upande mmoja na Ziwa Rukwa upande wa pili. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili katika bonde la Rukwa, huko Ivuna na Galula, bila kupata mafuta ya kuuzika. Mwaka 2006 Uganda ilipata mafuta kando ya Ziwa Albert, katika tawi hilohilo la Bonde la Ufa. Mwaka 2010 kampuni ya Beach Petroleum ya Australia ilipewa kitalu cha kusini mwa Ziwa Tanganyika.

Kisima cha mafuta hutoa mengi zaidi ya mafuta. Gesi inayopanda pamoja nayo, isipokusanywa, huchomwa juu ya mnara na kuacha masizi na hewa ya ukaa. Ikiachwa itoroke bila kuchomwa, methani iliyomo hutia joto angani zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa, kwa hesabu ya miaka 20. Matangi huvujisha mvuke, na majenereta ya dizeli hutoa oksidi za naitrojeni.

Dawa ya maovu hayo inajulikana. Gesi yaweza kurudishwa ardhini au kuendeshea mitambo ya umeme. Mvuke wa matangi hunaswa kwa kompresa. Vali zinazoendeshwa kwa nguvu ya gesi, ambazo kila zinapofunguka hupumua methani, huendeshwa kwa hewa ya kawaida iliyoshindiliwa. Mivujo isiyoonekana kwa macho huonekana kwa kamera maalumu.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007. Lakini sheria peke yake haizimi moto. Nigeria ilipitisha sheria mwaka 1979 iliyotaka uchomaji wa gesi ukome mwaka 1984, isipokuwa kwa kibali cha waziri. Miaka arobaini baadaye mienge ilikuwa ingali ikiwaka katika delta ya mto Niger. Vibali vilitolewa, na kulipa faini kulikuwa rahisi kuliko kukusanya gesi.

Katavi ina ugumu wake wa pekee. Kila kiangazi miombo huwaka, na moshi wa mapori hutanda kwa wiki nyingi. Tuseme kisima kimeanza kazi karibu na Karema au Ikola, na watoto wa wavuvi wakaanza kukohoa. Kampuni itasema huo ni moshi wa wakulima. Wakulima watasema ni moshi wa kampuni. Pasipo kumbukumbu ya hewa ilivyokuwa hapo awali, hakuna hakimu atakayeweza kuamua, na mnyonge ndiye atakayeshindwa.

Wapo watakaosema kwamba ni anasa kupima hewa safi wakati zahanati zinahitaji dawa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba hali ya mwanzo hupimwa mara moja tu. Kisima kikishafunguliwa, nafasi hiyo hairudi tena. Vipimo vya siku chache katika ripoti ya athari za mazingira havitoshi. Yahitajika miaka miwili kamili au zaidi, masika na kiangazi, ili moshi wa mapori ujulikane kwa majira yake. Gharama ibebwe na mwombaji wa leseni, lakini vyombo na daftari visiwe mikononi mwake. Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo imo mkoani humohumo, na yaweza kukabidhiwa kazi hiyo. Matokeo yabandikwe kwa Kiswahili katika ofisi za vijiji.

Huenda mafuta yasipatikane kamwe. Hata hivyo vipimo havitakuwa vimepotea bure, kwani vitaeleza moshi wa mapori unavyowadhuru watu ambao wamekuwa wakiuvuta miaka yote. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hewa nayo ni mali, na daftari la hewa ya Katavi bado halijafunguliwa.