Chama chako kipi?

Mwaka 2024, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, majirani walinitaka nigombee uenyekiti wa mtaa. Hoja yao ilikuwa mtaro. Kila masika unafurika mpaka kwenye meza ya mama mmoja anayeuza vitumbua, na barua za malalamiko huwa naandika mimi. "Mwanangu, wewe unajua kuongea nao," aliniambia. Nikaenda kuulizia fomu. Swali la kwanza, kabla hata ya jina: chama chako kipi? Sina. Basi, rudi ukiwa nacho.

Wenzangu wa shahada ya uzamili, tunaobishana demokrasia mpaka usiku wa manane, waliona nalalamikia jambo dogo. Si vyama viko tele, chukua kimoja? Lakini Ibara ya 20 ya Katiba yetu inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Ukifika Ibara ya 39 na ya 67, asiyependekezwa na chama hawezi kugombea urais wala ubunge. Yaani hulazimishwi kuingia, ila ukibaki nje, ubaki nje ya kila kitu.

Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania hili kabla sijazaliwa. Mwaka 1994 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Lugakingira, ilimpa haki. Mwaka haujaisha, Bunge likapitisha mabadiliko ya Katiba ya kuizima hukumu hiyo. Akarudi, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Bunge lipi? Hilo hilo ambalo kila mbunge wa jimbo ameingia kwa barua ya chama! Juni 2013 Mahakama ya Afrika, ambayo iko hapa hapa Arusha, ikaamua kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Mtikila akafariki kwa ajali ya gari mwaka 2015. Katiba bado inasema vile vile.

Naambiwa mgombea huru atawafungulia njia matajiri. Nendeni mkaangalie kura za maoni ndani ya vyama, halafu mniambie matajiri wanapita wapi sasa hivi. Kenya imeruhusu wagombea huru katika Katiba yake ya 2010. Siasa zao zina vurugu zake, lakini hazikuletwa na hao.

Sidai kwamba mgombea huru ni malaika, wala kwamba peke yake atapitisha sheria. Ila kwetu mbunge akifukuzwa chamani anapoteza na ubunge, hata kama jimbo zima linamtaka. Sasa huyo akisimama kuzungumza bungeni, anamwogopa nani: mpiga kura au katibu wa chama?

Masika yaliyofuata mtaro ulifurika tena. Mama wa vitumbua amehamishia meza ng'ambo ya barabara, na wiki iliyopita aliniomba nimwandikie barua nyingine.