Manjano kwa goti: mbona dawa inabakia juu ya ngozi?

Mama mwenye goti iliyovimba anasaga manjano, wengine tunaita kurkuma, anapakaa, anangoja. Ngozi inageuka njano. Na maumivu je?

Ndani ya manjano kuna kurkumini, ndiyo inatuliza uvimbe. Lakini ni kidogo: kwa gramu 100 za unga, mara nyingi ni gramu 2 mpaka 5 tu. Tena haiyeyuki kwa maji, na ngozi kazi yake ni kufunga mlango.

Ndiyo maana watafiti wanaifungia katika vifuko vidogo sana vya mafuta, liposomu, ambavyo Alec Bangham alivieleza kule Uingereza miaka ya 1960. Mafuta hayo yanachanganyika na mafuta ya ngozi, dawa inapita. Kisha vifuko vinatiwa katika jeli. Ugumu ni kuvilinda visipasuke mbele ya kufika kwa mgonjwa, zaidi sana kwenye joto, pasipo frigo. Na umeme wetu tunaujua.

Kongo si mgeni kwa kazi hii: Pharmakina ya Bukavu ilitoa kinini kwa ganda ya mti wa kinkina. Lakini kopo ya "jeli ya manjano" isiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe, uiache sokoni. Goti ikiwa na moto, pamoja na homa, enda hospitali leo.