Jina la hariri halitoshi kumrudishia mwenye duka mtaji wake

Mwenye duka la vipodozi wa Pasua, Manispaa ya Moshi, hukutana na swali moja kila anapofuata mzigo Kariakoo au kuupokea kwa njia ya Holili. Achukue shampuu ya kawaida, au ile iliyoandikwa "hariri" na kuuzwa ghali zaidi? Wengi huchukua ya hariri kwa kuamini kwamba jina hilo linajiuza. Ni kweli, jina huuza chupa ya kwanza. Chupa ya pili huuzwa na kilichomo ndani, na hapo ndipo mitaji midogo inapokwama.

Hariri ni uzi wa kiwavi anayelishwa majani ya mforsadi. Karibu robo tatu ya uzi huo ni protini iitwayo fibroini, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni serisini, ambayo ni gundi yake. Viwandani protini hiyo hukatwakatwa kwa asidi, magadi au vimeng'enya mpaka iyeyuke katika maji. Ikitiwa katika shampuu au kondishena hujishikiza juu ya unywele, hasa uliochoshwa na dawa za kulainisha au za kubadili rangi. Huacha utando mwembamba unaotunza unyevu na kuleta mng'aro. Faida hiyo ni ya kweli, lakini ina mpaka. Protini hiyo haioteshi nywele wala haiungi unywele uliokatika, na huondoka nywele zinapooshwa. Muuzaji anayeahidi zaidi ya hayo anajitafutia ugomvi na wateja wake.

Aidha, bei ya kitambaa cha hariri isitumiwe kuhalalisha bei ya chupa. Mara nyingi protini ya vipodozi hutengenezwa kwa mabaki ya viwanda vya nguo, yaani vifuko vya viwavi vilivyotoboka na nyuzi fupi zisizofaa kufumwa. China inaongoza duniani kwa kuzalisha hariri, ikifuatiwa na India, na mabaki hayo si haba.

Njia ya kujikinga ni kugeuza chupa na kusoma orodha iliyo nyuma. Kwa kawaida viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, na vilivyo chini ya asilimia 1 huweza kupangwa vyovyote. Hariri ya kweli huandikwa "Hydrolyzed Silk" au "Silk Amino Acids". Ikiwa mwishoni kabisa, baada ya manukato na dawa ya kuzuia kuoza, mara nyingi ni kidogo mno. Hilo peke yake si udanganyifu, maana protini hii hufanya kazi hata ikiwa kidogo, lakini si sababu ya kulipa bei maradufu. Ikiwa haimo kabisa na kilichomo ni "Dimethicone", basi mng'aro unatokana na silikoni, na neno "hariri" ni sifa ya ulaini tu.

Mfano unaeleza hasara yake. Mwenye shilingi 600,000 hupata chupa 120 za shilingi 5,000, au chupa 60 za shilingi 10,000. Chupa 60 zikikaa rafuni miezi mitatu, fedha ya kufuata mzigo mwingine imefungwa humo, na kodi ya fremu haisubiri.

Mpimaji bora wa bidhaa hizi ni msusi. Yeye huosha vichwa vingi kwa wiki, na huona mapema nywele zipi zimelainika na zipi zimekakamaa kwa kuzidishiwa protini. Mfanyabiashara mwenye busara achukue chupa chache, azipeleke saluni mbili au tatu za mtaani, na aongeze mzigo pale tu wasusi watakaporudi kununua kwa fedha zao. Ahakikishe pia kwamba bidhaa imesajiliwa. Mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ulihamishwa kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na mzigo usiosajiliwa ukikamatwa mtaji wote hupotea.

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kupanda miforsadi mlimani kwa ajili ya soko la nywele, hesabu ni ile ile. Nchini Kenya taasisi ya icipe imewafundisha wakulima ufugaji wa viwavi wa hariri, lakini fedha ya kazi hiyo iko kwenye uzi na kitambaa. Soko la nywele hula makombo, na makombo hayalipi shamba.

Hariri ina nafasi katika rafu za Pasua. Nafasi hiyo ni ya bidhaa iliyosomwa nyuma kabla ya kulipiwa, si ya kila chupa yenye jina zuri mbele.