Wasini nayo yafaa iwe na meya wake

Ernst Reuter anakumbukwa kwa hotuba ya Septemba 1948, alipouomba ulimwengu usiitupe Berlin iliyozingirwa na Wasovieti. Lakini mwanasiasa huyu wa SPD, chama cha wasoshalisti wa kidemokrasia, alijijengea jina kwa kazi zisizopigiwa makofi. Mwaka 1926 alikabidhiwa usafiri wa Berlin, na tramu, mabasi na treni za chini ya ardhi zikaja kuwa za shirika moja la umma. Akawa meya wa Magdeburg mwaka 1931, ajira zilipokuwa zimekauka, akapambana na uhaba wa nyumba. Wanazi walimwondoa 1933, wakamfunga kambini mara mbili. Akakimbilia Uturuki, akafundisha mipango miji Ankara. Alichaguliwa kuiongoza Berlin mwaka 1947, Wasovieti wakamkataa, na kazi ikashikwa na mwanachama mwenzake, Louise Schroeder, hadi Desemba 1948. Naamini wenyeji walimsikiliza siku ya dhiki kwa kuwa walishamzoea katika mambo ya nauli.

Wasini, kisiwa cha Kaunti ya Kwale kwenye pwani ya Kenya, inamhitaji mtu wa aina hiyo. Kisiwa hakina mto wala chemchemi. Kwa miaka mingi watu wamekinga maji ya mvua kwenye mabirika, na kiangazi kikikaza, madumu yamekuwa yakivushwa kwa mashua kutoka Shimoni, upande wa bara. Mgonjwa naye akizidiwa usiku, lazima avuke bahari. Mwakilishi wa wadi ya Pongwe/Kikoneni ana vijiji vingi vya bara vya kushughulikia. Msimamizi wa kijiji, kwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, huajiriwa na kaunti. Basi maji yakikosekana katika kijiji cha Mkwiro, ni nani aliyepo kisiwani ambaye wenyeji wanaweza kumng'oa kwa kura?

Wapo watakaosema mameya tuliwaona, na tulifanya vyema kuachana nao mwaka 2013. Kweli, mabaraza mengi yalituachia madeni na takataka. Ila meya wa zamani alichaguliwa na madiwani wenzake, si na wananchi. Hapo ndipo mlango wa rushwa ulipofunguka. Wengine watauliza kisiwa kidogo hivyo kitamlipa nani mshahara. Ujerumani ina vijiji vya watu mia chache vyenye meya aliyechaguliwa, anayefanya kazi kwa kujitolea na kupewa posho tu. Na sisi hatuanzi patupu: sheria hiyohiyo inaweka baraza la kijiji lenye wazee watatu hadi watano, wanaoteuliwa na kijiji na kuidhinishwa na bunge la kaunti.

Wabunge na maseneta wairekebishe sheria hiyo, msimamizi wa kijiji apigiwe kura na anaowasimamia. Kabla wakati huo haujafika, Bunge la Kaunti ya Kwale lisiidhinishe jina la mzee yeyote wa kijiji cha Wasini au cha Mkwiro ambaye wanakijiji, wanawake kwa wanaume, hawajamchagua wenyewe mkutanoni.