Rejesho kwa Simu, Kikao Je?

Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, Korogwe na Handeni, vinazidi kuambiwa vihamishie marejesho kwenye simu. Hoja ina uzito: mweka hazina halali tena na sanduku chini ya kitanda. Ila kabla ya VICOBA za jumuiya zetu kusaini, tutazame yaliyotokea Kenya. Wengi wanaotumia M-Pesa kila siku hawajui kwamba ilianza kama mradi wa mikopo.

Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom waliungana na Commercial Bank of Africa (CBA) na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya kufanya majaribio Nairobi na Thika. Mkopaji alipokea mkopo na kurejesha kwa simu, dukani kwa wakala. Watu wa simu walitaka kasi. Faulu walikuwa na utaratibu mwingine kabisa: wanakikundi hukutana, hulipa mbele ya wenzao, kila mmoja akiwa mdhamini wa mwenzake. Sasa aliyekwisha kulipa dukani afuate nini kikaoni? Na watu wakipungua kikaoni, udhamini unabaki kwenye karatasi. Tena mifumo ya hesabu haikuoana, ikabidi kazi nyingi ifanyike kwa mkono. Ilipozinduliwa Machi 2007, M-Pesa ilikuwa huduma ya kutuma pesa.

Mikopo ilirudi baadaye: M-Shwari huko Kenya mwaka 2012, na M-Pawa ya Vodacom na CBA hapa kwetu mwaka 2014. Safari hii hakuna kikao wala mdhamini. Unapimwa kwa kumbukumbu za simu yako. Imesaidia wengi, sikatai. Lakini simu haijui kwamba mahindi ya Handeni yamekaukia shambani, wala kwamba mama fulani wa Korogwe anauguza mtoto Bombo. Wanajumuiya wanajua, kwa sababu walisali kwake Jumamosi.

Kwa hiyo pesa ipite kwenye simu, sawa. Ila kila rejesho lisomwe kwa sauti kikaoni, na asiyehudhuria atozwe faini ileile hata kama amelipa. Na kwenye mkataba liandikwe jina la mtu, si namba ya huduma kwa wateja, atakayekwenda nyumbani kwa aliyechelewa kabla hajaongezewa hata shilingi moja ya riba.