Kabla ya Kuuliza "Nani?"

 

Ndugu Waislamu wa Bukoba na Muleba, kwa miaka mingi tumefanya juhudi ya kuvua hirizi shingoni mwa watoto na kuwatoa watu kwa waganga. Juhudi hiyo, alhamdulillah, imezaa matunda. Lakini lipo jambo ambalo daawa yetu haijaligusa, nalo ni lile wazo linalomjia mtu kabla hajafunga safari ya kwenda kwa mganga. Mtoto akipatwa na degedege usiku, ng'ombe akifa, duka likikosa wateja, moyo hauulizi "Ni nini?" bali huuliza "Ni nani?" Swali hilo huja lenyewe bila kualikwa, tena huja na jibu lake: shangazi, mke mwenza, jirani aliyepita jana akalisifu shamba. Mtu hahisi kwamba amedhani. Huhisi kwamba amejua.

Madhara yake tumeyaona katika mkoa huu huu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa Kagera, watu waliuita ugonjwa ule "Juliana", kwa jina la nguo zilizokuwa zikipitishwa mpakani, na wapo waliosema kuwa ni uchawi wa wafanyabiashara wa Uganda waliodhulumiwa. Ng'ambo ya mpaka, huko Rakai, wakasema hayo hayo juu yetu. Kila upande ulikwisha kumpata mchawi wake, na ugonjwa ukaendelea kuzika watu pande zote mbili. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ukabainika Muleba. Yeyote aliyesema "hili ni jicho la fulani" aliendelea kukata migomba kwa panga lile lile, shina baada ya shina, na kumbe panga ndilo lililokuwa likihamisha bakteria, pamoja na wadudu wanaotembelea ua la mgomba. Dawa ilikuwa kung'oa shina lililougua, kuliondoa ua mapema kwa kijiti chenye panda, na kulipitisha panga motoni. Kumchukia jirani hakukuokoa mkungu hata mmoja. Na mwaka 2023, virusi vya Marburg vilipoingia Bukoba Vijijini na kuua watu sita, akiwamo mhudumu wa afya, kila siku iliyopotea katika kuulizana "nani" ilikuwa siku ya kumuuguza mgonjwa kwa mikono mitupu.

Mtume (s.a.w.) alilikata wazo la namna hii mbele ya watu, tena siku ya msiba wake mwenyewe. Alipofariki mwanawe Ibrahim, mwaka wa 10 Hijria, jua lilipatwa, na watu papo hapo wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto yule. Hakuna aliyekaa kulifikiri neno hilo. Matukio mawili yaliambatana, na moyo ukayaunga. Kiongozi anayetafuta utukufu angelinyamazia. Yeye aliwaswalisha, kisha akawahutubia kwamba jua na mwezi ni alama za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa yeyote.

Hatusemi kwamba sihiri na jicho havipo. Vipo, na dalili zake zinajulikana. Lakini kuthibitisha kwamba jambo lipo si kumthibitishia fulani bin fulani kwamba amelitenda. Hapa wengine hutoa hoja ya Sahl bin Hunayf, aliyeanguka ghafla alipokuwa akioga, na Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani wanayemtuhumu. Hoja hii wanaitoa nusu. Aamir bin Rabia alitajwa kwa kuwa alikuwapo pale pale, na neno lake la kustaajabia ngozi ya Sahl lilikuwa limesikika. Na kilichofuata ni nini? Aamir alikemewa kwa kutomwombea mwenzake baraka, akaamrishwa kutawadha, maji yakamiminwa juu ya Sahl, naye akaondoka na watu akiwa mzima. Hawakuhamiana mitaa. Yuko wapi leo bibi kizee aliyetuhumiwa kwa ushahidi wa namna hiyo, na mambo yake yakaishia kwenye ndoo ya maji?

Wanazuoni wetu waliijua njia ya wazo. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, ameeleza kwamba jambo huanza na khatira, yaani wazo lipitalo. Lisiposukumwa huwa fikra, kisha matamanio, kisha azma, kisha kitendo, na mwisho wake ni ada, na ada kuing'oa ni kazi kubwa. Kabla yake Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, alishauri kwamba mtu aandae mawazo ya kumtuliza akiwa angali mtulivu, mfano wa mwenye afya anayeweka dawa nyumbani kwa ajili ya dharura. Katika miaka ya 1960 daktari Aaron Beck wa Marekani naye aliwafundisha wagonjwa wake kuyakamata mawazo yajayo yenyewe na kuyadai ushahidi. Khatira yenyewe haina dhambi, kwani umma huu umesamehewa yanayopita nafsini maadamu hayajasemwa wala kutendwa. Basi mlango upo hapo hapo, baina ya kupita kwa wazo na kuinua simu kumpigia shemeji. Likija, mtu ajiambie: hii ni dhana imenijia, sijaona kitu. Kisha ajiulize: nimeona nini kwa macho yangu, na nimeongeza nini mwenyewe? Halafu ambebe mtoto kwenda hospitali, huku akimsomea.

Nina neno kwa ndugu zetu wanaosoma ruqya, na naomba wasikasirike. Mgonjwa anapoletwa, naye msomaji akamwambia "aliyekufanyia hivi ni mtu wa karibu, mwanamke, tena wa ukoo wako", amemwondolea mganga na kumwachia uganga. Kisomo chake ni cha Sunna, na wazo alilolipanda ni lile lile la kilingeni. Ampe aya na dua, basi. Elimu ya ghaibu hakupewa.

Maimamu nao wana nafasi yao. Tunapotangaza msiba baada ya swala tumezoea kusema "ameugua kwa muda mfupi", na ndani ya maneno hayo kila msikilizaji hujaza jina analolijua. Wafiwa wakiridhia, imamu ataje ugonjwa: shinikizo la damu, malaria, uzazi, saratani. Aanze Ijumaa hii.